Nakala ya Bunju

Bunju, 7 Aprili 2025

Kwa fundi mpya wa Mtoni,

Nakuandikia karatasi hii na kuitumbukiza kwenye kisanduku cha diski kwa sababu simu umeshindwa kuipokea. Wiki nzima nimepiga mpaka nikaona haya. Inaita, inaita, inakatika. Badru, dereva anayebeba kisanduku hiki kila Jumatatu, ananiambia upo, anakuona kila akija, tena ni kijana mstaarabu. Sasa kijana mstaarabu gani hapokei simu ya mtu mzima?

Mimi ni Auleria. Ndiye ninayekaa na nakala huku Bunju. Kila kinachoandikwa na kliniki zetu za watoto, jina la mtoto, damu yake, dawa yake, picha ya moyo wake, kinakaa kwenye diski zenu hapo Mtoni, na pacha wake anakaa kwenye diski zangu huku. Kila Ijumaa alasiri naziunga diski zangu na zenu kupitia mtandao, zangu zinachukua yote yaliyobadilika kwenu wiki hiyo, kisha nazitenga. Hazigusani tena mpaka Ijumaa nyingine. Fundi aliyekutangulia alikuwa ananipigia kabla sijaunga, ananiambia kwenu ni salama. Wewe kimya. Naunga kwa imani tu, kama mtu anayevuka barabara amefumba macho.

Diski zilizomo humu zimechoka. Zipime, unirudishie zilizo nzima. Na unijibu.

Auleria Kokugonza


Mtoni, 14 Aprili 2025

Mama Auleria, shikamoo.

Niwie radhi sana. Chumba cha mitambo cha huku kina feni zinazonguruma kama mashine ya kusaga. Simu siisikii, na nikiisikia, simsikii anayesema. Barua naielewa vizuri zaidi. Kwa hiyo naomba tupatane hivi: Ijumaa kukiwa na tatizo kwetu, nitakuandikia kwenye kompyuta kabla hujaunga. Usipoona neno langu, jua ni salama, unga.

Naitwa Hudhaifa. Nyumbani ni hapa hapa Mtoni, baba ana duka la viungo na tende upande wa pili wa Barabara ya Kilwa. Katika diski ulizoleta, moja imekufa kabisa. Zilizobaki bado zina umri.

Kuna jambo jingine. Bosi Wilbert anasema nakala yako ni ya kizamani, kwamba siku zote iko nyuma yetu. Anataka Bunju na Mtoni ziungwe moja kwa moja, herufi ikiandikwa huku iandikwe na huko papo hapo. Likifanyika hilo, chumba chako hakitahitaji mtu wa kukaa. Nimeona ni haki ulisikie kwangu kabla hujaletewa na mwingine. Wewe unaonaje?

Wako mtiifu,
Hudhaifa


Bunju, 28 Aprili 2025

Marahaba mwanangu.

Jumatatu iliyopita ilikuwa Pasaka, Badru hakuja, ndiyo maana nimechelewa. Umenijibu kwa adabu mpaka hasira zimenitoka, ingawa nilikuwa bado nazitaka kidogo.

Wilbert namfahamu tangu anavaa tai ya kuazima. Anachosema si uongo wote. Diski ya Mtoni ikifa kwa uzee, pacha aliyeungwa anakuokoa na hukosi chochote. Lakini diski hazifi tu, huwa zinakosea pia. Mtu anafuta faili bila kujua. Mtambo unapata wazimu, unaandika takataka. Pacha aliyeungwa hana akili ya kusema takataka hii siitaki. Ataiandika vilevile, tena kwa uaminifu. Zamani nilifanya kazi kwenye kiwanda kimoja cha uchapaji. Karani mmoja alifuta vitabu vya mwaka mzima asubuhi moja, na asubuhi hiyohiyo vikafutika kwenye nakala. Wakabaki na mitambo miwili inayofanana, yote mitupu. Tangu siku ile nataka nakala inayokaa pembeni, isiyojua kilichotokea leo.

Hayo nimemwandikia na Wilbert. Hajajibu.

Nimekuwekea senene kwenye pembe ya kisanduku, nimetoka kuletewa kutoka Bukoba. Badru anasema Waislamu mnawala. Kama hamli, mpe yeye, nadhani ndicho alichokuwa anatafuta.

Umeoa?

Mama Auleria


Mtoni, 5 Mei 2025

Mama, shikamoo.

Senene wamefika salama ila hawakukaa. Baba alitusomea kwanza uhalali wa nzige, kirefu na kwa ushahidi, kisha akakaa na mfuko akaula karibu wote peke yake. Anakushukuru. Anauliza kama wana msimu mwingine.

Sijaoa, lakini nimechumbia. Anaitwa Bahiya, anafundisha hesabu sekondari moja huko Tegeta. Ni mtu wa kucheka kabla hajamaliza kusimulia kichekesho chake mwenyewe, kwa hiyo vichekesho vyake vingi sijawahi kuvisikia mwisho. Nyumba tunajenga Tegeta, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi karibu na Kibaoni, ile yenye geti la buluu. Ndoa ilikuwa iwe mfungo mosi, mwezi wa kwanza baada ya Ramadhani, tukaisogeza mbele mpaka mfungo tatu, maana paa halijafungwa.

Nimekuwekea halua ya kwetu, yenye iliki. Ukiipenda niambie.

Hudhaifa


Bunju, 19 Mei 2025

Mwanangu Hudhaifa,

Nimeipenda mpaka nimeificha. Nimeificha nani asiione, sijui. Nyumba hii ina vyumba vinne na mtu mmoja. Baba Gladness alinijengea kisha akatangulia, na Gladness mwenyewe ameolewa Mwanza. Jioni nakaa barazani naisoma barua yako mara ya pili, nakata kipande kidogo, naifunga tena.

Huyo Bahiya namtaka. Mwalimu wa hesabu anayecheka si rahisi kumpata. Funga hilo paa upesi.

Sasa nikueleze kero yangu. Wiki mbili hizi kuna mtu ananisumbua kwenye simu ya mezani huku chumbani. Naipokea, nasema halo, halo, hajibu. Ila yupo, nasikia anavyovuta pumzi. Simu yangu ya mkononi naiacha getini kwa mlinzi kama sheria inavyotaka, kwa hiyo hiyo ya mezani ndiyo masikio yangu, siwezi kuing'oa. Juzi nimemwambia, wewe mwanaharamu, mimi nina umri wa mama yako, tafuta kazi ya kufanya. Akakata.

Unadhani ni nani?

Mama Auleria


Mtoni, 26 Mei 2025

Mama, shikamoo.

Huenda ni laini mbovu. Za huku nazo zina tabia hiyo. Usijisumbue nayo.

Diski zote ulizoleta ni nzima.

Paa limekwisha, lakini sasa ni vigae. Fundi ametukimbia. Tumeonelea ndoa ingoje mpaka mfungo sita, baada ya Maulidi, mambo yatakuwa yametulia.

Hudhaifa


Bunju, 16 Juni 2025

Mwanangu,

Nimeanza barua hii nikaichana. Hii ni ya pili na itakwenda ilivyo.

Jana nimetoka kanisani nikashuka Tegeta kununua misumari ya banda la kuku. Nikakumbuka duka lako la vifaa vya ujenzi, nikazunguka nyuma. Geti la buluu nimeliona. Nyumba imekwisha, Hudhaifa. Paa lipo na tangi la maji lipo juu. Mlango ulikuwa wazi, kuna binti anafagia, nikabisha hodi kuomba maji. Vigae vipo mpaka jikoni. Mapazia yameshapachikwa. Huyo binti ni Bahiya. Amenipa maji na kiti, na nilipomwambia mimi ni Auleria wa Bunju akanikumbatia kama anayenijua siku nyingi. Kumbe anajua mpaka habari za halua niliyoificha.

Nikamuuliza harusi lini. Akasema, "Akiwa tayari, mama." Akaendelea kufagia. Hakucheka hata kidogo.

Mimi si mzazi wako na dini yetu si moja. Lakini nimekuwa mke wa mtu, na najua mwanamke anayefagia nyumba iliyokwishafagiwa anangoja nini. Kama humtaki, mwambie. Atalia, atapona. Kumficha nyuma ya paa na vigae ni kumdharau. Sikutegemea hayo kutoka kwako.

Auleria


Mtoni, 23 Juni 2025

Mama Auleria, shikamoo.

Diski mbili nimezipima, zote ni nzima. Nimezifunga na sponji.

Hudhaifa


Bunju, 30 Juni 2025

Hudhaifa,

Nimezipata.

Wilbert amejibu. Kuanzia mwezi wa tisa Bunju itaungwa moja kwa moja. Mimi nitapangiwa kazi nyingine, au nitaagwa. Kwa hiyo Ijumaa zangu zilizobaki si nyingi.

Kama nilisema kwa ukali mno, nilisema kwa sababu nakuhesabu kuwa mtu wangu. Mtu wa nje nisingepoteza misumari yangu kwa ajili yake. Niliisahau palepale kwenye kiti.

Auleria


Bunju, 14 Julai 2025

Mwanangu,

Nimelala, nimeamka, sasa naweza kuandika. Tangu Ijumaa tumesemezana kwa kazi tu, unga hiki, rudisha kile, na Wilbert yuko katikati yetu anatoa jasho. Sasa nataka kukueleza ilivyokuwa kwangu, maana wewe unajua ya upande wako tu.

Nilifika chumbani alasiri, nikatazama kompyuta. Hakuna neno lako. Tulishapatana, hakuna neno maana yake salama. Nikaandika amri ya kuunga, nikawa nimebakiza kubonyeza. Simu ikalia. Nikapokea, ni yule mtu wa kupumua. Nikasema, wewe tena, nikaiweka chini. Ikalia. Nikamwambia nitampeleka polisi, nikaiweka chini. Mara ya tatu niliinyanyua kwa nia ya kumwambia maneno ambayo padri angeniuliza.

Ndipo nikasikia king'ora. Nyuma ya pumzi zako, ule mlio wa mtambo wa Mtoni ukiwa na hitilafu, ambao nimeusikia mara mbili tu maishani. Nikajua huyu mtu hachezi, amesimama ndani ya chumba cha diski. Halafu nikasikia mtu anahangaika na neno. Neno limemkaba. "Ma," unasema, "ma, ma," halafu kimya, halafu unaanza upya. Nikafahamu yote kwa pamoja, baba, kama mtu aliyefunguliwa dirisha. Nilikaa kwenye kiti. Nikakwambia, "Hudhaifa, sikati simu. Sema taratibu, nipo."

Ukachukua muda. Mkono wangu ulikuwa bado kwenye kompyuta. Ukasema, "Usi," ukakwama, "usi," ukakwama, nami sikukusaidia, kwa sababu niliogopa kukusaidia neno lisilo lako. Ungeweza kutaka kusema usikawie.

"Usiunge."

Nikauondoa mkono kama niliyegusa jiko.

Jumamosi, wakati mnajiandaa kuvuta nakala yangu irudi kwenu, sista Hamida wa kliniki ya Mbagala alipiga. Ana mgonjwa, binti anayeitwa Mwajabu, ana miaka tisa, ugonjwa wake ni selimundu, damu imeshuka na lazima aongezwe. Ameshawekewa damu mara nyingi mpaka mwili wake unazikataa nyingine hata kundi likiwa sawa. Zipi anazikataa, imeandikwa kwenye faili lake, na faili lake kwenu likifunguliwa linatoa herufi za ajabu. Nikalifungua kwenye nakala yangu. Lilikuwa zima. Nikamsomea Hamida mstari kwa mstari, akarudia, nikamsomea tena. Jana usiku amenitumia ujumbe: mtoto amekula uji na anadai soda.

Huyo Mwajabu usingeweza kumwandikia barua ikafika kwa wakati, Hudhaifa. Ulimpigia simu.

Nilikuita mwanaharamu. Nisamehe.

Mama Auleria


Mtoni, 21 Julai 2025

Mama yangu Auleria, shikamoo.

Nimekaa na barua yako wiki nzima. Huna la kusamehewa. Ulinitukana mie nisiyejibu, na mtu asiyejibu anastahili.

Ni kigugumizi, mama. Ninacho tangu utoto. Nyumbani hakinisumbui sana, na kwa Bahiya hakinisumbui kabisa, yeye huwa anasubiri huku anasahihisha madaftari ya wanafunzi, kama vile hakuna kilichosimama. Lakini simu ni adui yangu. Kwenye simu mtu hakuoni mdomo unavyohangaika, anasikia kimya tu, naye hukata. Ndiyo maana nilikupa kile kisingizio cha feni. Mwezi wa tano, nilipokutumia halua, nilitaka nikupigie nikuulize kama umeipenda, nikuambie kuwa kwetu ipo tele. Nilijaribu siku nyingi. Kila nikisikia sauti yako, neno linaganda.

Ijumaa ile nilirudi kutoka msikitini nikakuta umeme ulikatika na jenereta imewaka vibaya. Wilbert alikuwa amekwenda Kariakoo na Isack, fundi mwenzangu, kutafuta kifaa cha jenereta. Mitambo ilikuwa imewaka, feni zinazunguka, ukiitazama utadhani ni mizima, lakini ilikuwa inaandika takataka juu ya kila ilichogusa. Nilifungua faili la mtoto wa kwanza, herufi za ajabu. La pili, vilevile. Nikakimbilia kukuandikia, na barua pepe zetu zinakaa kwenye diski zilezile, hazifunguki. Kabati la nyaya za mtandao limefungwa na ufunguo anao Wilbert. Kuuzima mtambo ghafla ni kuua hata kilichobaki. Nikatazama saa ya ukutani nikajua umeshakaa kwenye kiti chako, unaona hakuna neno, unaamini ni salama. Kwa sababu mie ndiye niliyekuambia uamini hivyo. Mie niliyeogopa simu.

Ulipoikata mara ya kwanza nilifikiri kumtafuta mlinzi akusemee. Nikajiuliza, na mlinzi nitamweleza kwa mdomo wa nani? Na nikienda getini kumwandikia, mpaka afike kwenye simu ungekuwa umeshaunga.

Uliposema sikati simu, mama, nililia. Sijui kama ulisikia.

Sasa nikueleze habari ya vigae, maana ulinihukumu kwa ulichokiona na ulichokiona ni kweli. Nampenda Bahiya. Sijawahi kuwa na shaka hiyo hata siku moja. Ninachoogopa ni nikaha. Sheikh akishamaliza maneno yake, mume hujibu mbele ya watu wote, kwa sauti, kwamba amekubali kumuoa fulani. Msikiti mzima unanyamaza kumsikiliza. Nimelala nikiliota hilo tangu posa. Mdogo wangu alipooa mwaka juzi, mie nilikuwa nyuma natoka jasho kwa niaba yake. Na herufi inayonikaba kuliko zote ni ya jina lake, Ba. Baba anasema sheria inaruhusu mtu kuweka wakili, yeye atanijibia na ndoa ni halali. Najua ni halali. Lakini kila mtu atajua kwa nini. Basi nikawa nasema paa, nikawa nasema vigae. Bahiya anajua yote hayo. Alisema atangoja, akanikataza nisimharakishe mtu kwa ajili yake, hata mtu huyo akiwa ni mie mwenyewe.

Misumari yako anayo. Anasema uifuate.

Hudhaifa


Bunju, 28 Julai 2025

Mwanangu,

Nililia na mimi, kwa hiyo hatukusikiana.

Niliandika kuwa humtaki. Nilimwona msichana anafagia, nikaujaza mwenyewe upande ule nisiouona. Na yeye hakunisahihisha, alikutunzia siri yako mbele ya mgeni aliyekuja kuomba maji. Mshike huyo.

Habari ya dini yako unaijua wewe na baba yako. Ukitaka akujibie, atakujibia, na asubuhi yake utakuwa mume vilevile na utatafuta chai kama waume wengine. Sitakuambia uwe shujaa. Nitakuambia tu nilichokisikia Ijumaa ile, kwa sababu wewe hukuwa upande wangu wa simu. Wewe ulisikia kukwama. Mimi nilisikia mtu anakuja. Polepole, lakini anakuja, na kila alipokwama nilijua zaidi kwamba neno lake ni la lazima. Sikuona kuwa umechelewa. Neno lilifika kabla ya mkono wangu.

Ila usiahirishe tena. Usimzeeshe mtoto wa watu kwa ajili ya vigae.

Wilbert amekuja mwenyewe mpaka huku. Alikaa muda mrefu akitazama diski zangu, akasema atanunua seti nyingine iungwe na Mtoni kama alivyotaka, na hii yangu ibaki, iendelee kutengwa kila Ijumaa. Nikamwambia hayo ndiyo maneno ya mtu mwenye tai yake mwenyewe. Ninamfundisha Sekela, msichana wa Tukuyu, mwangalifu, hasemi sana. Na sheria imebadilika: asiposikia kutoka Mtoni kwamba ni salama, asiunge. Kimya hakihesabiki tena kuwa jibu. Utakuwa unampigia wewe. Nimeshamwambia asubiri.

Ninamfundisha kwa sababu ninaondoka. Mama yangu ameanguka huko Kamachumu, nyonga imevunjika, na mtoto wa kike aliyebaki ni mimi. Sitakuwepo mfungo sita. Hilo ndilo linaloniuma, zaidi ya nyumba na zaidi ya kuku. Niandikie huko, barua ipitie kwa basi la Bukoba, nitaipata.

Mama yako,
Auleria


Tegeta, 15 Septemba 2025

Mama yangu mpenzi, shikamoo. Mpe na bibi shikamoo yangu. Natumaini nyonga inaendelea kuunga.

Nakuandikia kutoka meza ya jikoni kwangu. Bahiya yuko nyuma yangu, anasoma kila neno na anakanusha mengine.

Tumeoana Ijumaa, baada ya swala ya alasiri, kwenye msikiti wa karibu na kwao. Nilikuwa nimekubaliana na baba kwamba akae pembeni yangu, nikishindwa atajibu yeye. Alikubali. Alikuwa amevaa kanzu yake mpya na alikuwa anatetemeka kuliko mie. Wanawake walikuwa chumba cha pili, wanasikia kwa kipaza sauti. Kipaza sauti hicho ndicho kiliniua. Sheikh Mudathir aliniwekea karibu na mdomo, nikasikia pumzi zangu mwenyewe zinazunguka msikiti mzima.

Akanishika mkono, akasema maneno yake, amenioza Bahiya kwa mahari tuliyopatana. Ikawa zamu yangu. Nikajibu, "Nimekubali." Lilitoka, mama, sijui lilivyotoka. Sheikh akaachia mkono, akaona yamekwisha, na kweli kisheria yalikuwa yamekwisha. Watu wakaanza kuinua mikono kuomba dua. Ningeweza kunyamaza hapo.

Nikamshika tena mkono. Nilitaka kulitaja jina lake. Nilitaka yule aliye upande wa pili wa ukuta alisikie. Nikaanza, "Nimekubali kumuoa," na Ba ikafika, ikaganda. Ikaganda kweli. Msikiti ukanyamaza mpaka nikasikia saa. Nikasikia mtu nyuma anakohoa kwa huruma. Baba akafungua mdomo, nikamtazama, akaufunga. Nikarudi nyuma, nikavuta pumzi, nikaja tena. Ikaganda tena. Sheikh hakuutoa mkono wake. Nikakumbuka ulichoandika, kwamba upande wa pili hausikii kukwama, unasikia mtu anakuja. Nikaja tu, mama. Sikukimbia wala sikuacha. Nikamtaja, na jina la baba yake, na mahari, mpaka mwisho. Kwenye chumba cha wanawake ikatoka sauti moja, si kigelegele bado, ni mtu anacheka. Nilimjua. Vigelegele vikafuata.

Bahiya anasema hakucheka, alikuwa analia. Andika wewe umwambie kuwa mie nayajua masikio yangu.

Nakueleza na la mwisho, maana sijamweleza mtu ila yeye. Watu walipokuwa wanatoka kwenda kwenye biriani, mzee mmoja wa upande wao alibaki kaketi kwenye mkeka. Ni Mzee Khalfani, mjomba wa mama yake Bahiya. Nimekwenda nyumba ile miaka miwili na sijawahi kumsikia akizungumza. Nilijua ni mtu wa kimya, wapo wazee wa namna hiyo. Akaniita kwa mkono. Nikaketi mbele yake nikamwamkia. Akanishika viganja vyote viwili, akafungua mdomo, na hapakutoka kitu. Midomo ikahangaika. Shingo ikamsimama. Nikaelewa, mama. Mzee wa miaka themanini, na nilikuwa najitazama.

Akasema, "Mie," akakwama, akarudi, "mie alini," akakwama tena. Kijana mmoja aliyekuwa anakusanya mikeka akatusogelea amalizie neno, nikampa ishara akae. Mzee akahangaika, jasho likamtoka, viganja vyake vikazidi kukaza. Akasema kwamba yeye aliyemjibia nikaha alikuwa kaka yake. Kwamba mkewe ameishi naye miaka hamsini, akafa, hajawahi kumsikia akilitaja jina lake mbele ya watu. Halafu akataka kunitajia jina hilo.

Watu walikuwa wanatuita, chakula kinapoa, wapiga picha wananitafuta. Nilikaa palepale kwenye mkeka, nikamsubiri mpaka akamaliza.

Mwanao,
Hudhaifa